Kistari Juu ya A

Saa nne usiku, Liepāja, Novemba.
Mvua ya theluji inakwaruza dirisha la ofisi ya makaburi.
Kesho kutwa mji mzima utatoka na mishumaa,
kila ukoo ukitafuta wake,
na ukurasa wangu hauna jina hata moja.

Si kwamba hakuna kitu. Laiti ingekuwa hivyo!
Niliuliza: kitalu cha D, waliozikwa kabla ya vita.
Hifadhidata ikajibu: thelathini na saba.
Jedwali likachora mistari thelathini na saba,
imenyooka, imepigwa mipaka,
mitupu.

Skaidrīte, karani, anachungulia begani kwangu.
"Umewazika mara ya pili," anasema,
anarudi kwenye birika lake.

Ilgvars, kwa simu: futa akiba ya kivinjari.
Nimefuta. Washa seva upya.
Nimezima, nimewasha, nimeomba kwa lahaja ya bibi yangu.
Labda, anasema, skrini inachora kabla data haijafika.
Nikaisubirisha. Ikasubiri kwa adabu,
halafu ikachora utupu uleule.

Basi nikaacha kubahatisha.
Nikaandika mstari mmoja wa kuchungulia,
ule wa kishamba ambao hatuukiri mbele ya wageni:
nionyeshe ulichopokea, chote, kabla hujakipamba.

Wakamwagika.
Sproģis, Jēkabs, msokota kamba.
Grīnvalde, Made, na mwanawe wa siku tisa.
Wote wapo! Walivuka nyaya zote, wakafika hadi mlangoni,
na mlangoni hapakuwa na wa kuwaita
kwa jina wanaloitikia.

Nikalinganisha herufi kwa herufi, kidole juu ya kioo.
Kiolezo changu kinaita: uzvārds.
Safu kule ndani inaitwa: uzvards.
Jina la ukoo, kwa Kilatvia, hubeba kistari juu ya a,
chembamba kama unywele ulioanguka kwenye karatasi,
na aliyejenga jedwali lile, simjui,
alikuwa na kibodi isiyokijua, au haraka.

Mashine haikunikosoa. Afadhali ingenitukana.
Nilimwita asiyekuwapo, ikanipa asiyekuwapo,
mara thelathini na saba,
bila hata kukohoa.

Nikakifuta kistari. Herufi moja; jioni nzima.
Majina yakashuka kwenye jedwali, kila moja kitandani pake.

Skaidrīte akaweka kikombe, akavaa miwani,
akaanza kuwasoma kwa sauti, polepole,
kama mwalimu anayeita mahudhurio
na hataki kumrukia mtu.
Nikaanza kukunja waya wa chaja.

Alipofika wa kumi na tisa akanyamaza.
Akasogea karibu na kioo.
"Huyu," akasema, "amezaliwa
miaka sitini baada ya kuzikwa."

Nikavuta kiti tena.