Kitako Kilipofunguka

Tetemeko lilipotulia tulimkuta Tara
amelala kifudifudi juu ya mahindi ya Chirimaya
yaliyoanikwa uani, hapa Lalitpur.
Hakuvunjika. Kitako tu kilibanduka
kama kifuniko cha mkebe wa tumbaku.

Zamu ya kumwosha mwaka ule ilikuwa yangu:
maziwa, maji, kitambaa laini.
Nilimjua kwa nje, mkono wa kuume umeshuka, kiganja wazi,
dhahabu imelika puani na magotini
kwa miaka mia saba ya vidole vya wenye shida.
Macho hana tena. Tuliyamaliza sisi.

Nikampindua, nikamulika ndani kwa simu.
Nilitarajia nini? Vito labda,
au dua iliyokunjwa ndani ya hariri.
Palikuwa na udongo mweusi, ulioungua,
makapi ya mpunga, samadi,
na shimo dogo: alama ya dole gumba.

Basi wewe ndiwe uliyemfanya.
Ulianza na tumbo hili la matope,
ukalivika nta, ukaichonga nta kope na vikuku,
ukaifukia tena, ukatia moto,
nta ikatoka ikilia,
na shaba ikaingia pale nta ilipokuwa.

Halafu dhahabu, na zebaki ya kuipakia.
Moshi wake naujua. Babu yangu Herakaji
ulimlegeza meno, ukamwachia mikono
isiyoweza kushika hata bakuli;
tulimlisha uji kwa kijiko cha mtoto
naye, kidevu kimelowa, akiuliza,
"Lakini anang'aa?"

Wewe nani alikulisha?

Chirimaya alikuwa anaokota mahindi, punje kwa punje.
Akachungulia. "Kumbe," akasema,
"ndani ni kama jiko langu."
Hakukufuru. Aliguna tu, kama mtu
aliyekutana na jamaa yake sokoni.

Wakaja wataalamu na glavu zao,
wakataka kuukwangua udongo, waupime umri.
Wazee wakakataa. Nikaletewa misumari mipya.

Kabla sijagonga wa kwanza
nilipenyeza mkono, nikapapasa lile shimo
nitie dole langu ndani ya lako.

Halikuingia.

Vitabu vya ukoo wetu vimejaa akina baba,
fulani bin nani, mafundi, wenye ndevu na mihuri.
Dole hili lilikuwa la mwanamke,
au la mtoto aliyeambiwa, shika hapa, usiachie.