Glavu za Gikomba

Nyaboke haniulizi saizi.
Anaushika mkono wangu, anaugeuza kama anayepima ngege,
anauliza: "Hupita wapi, na saa ngapi?"

Namwambia: saa kumi alfajiri, Wangige hadi Kangemi,
mitungi miwili ya maziwa nyuma yangu,
Julai, ukungu umekaa kitako barabarani
na vidole vimesahau klachi ni ipi.
Namwambia: saa nane mchana, abiria wa Mlolongo,
malori yakinitemea kokoto,
jua la Januari likinipika viganja hadi mpini unateleza.
Namwambia na Aprili.
Aprili haihitaji maelezo.

"Basi una mikono ya majira matatu," anasema,
"na pesa ya mkono mmoja."

Ananivisha nene, yenye sufu ndani.
Joto la kifaranga, lakini vidole vinageuka ndizi;
nabana breki ya hewani, siihisi.
Ananivisha ya wavu, upepo unapita,
nyepesi kama ahadi ya uchaguzi.
Ananivisha ya mpira: maji hayaingii, jasho halitoki.

Halafu moja ya ngozi ya mbuzi, laini,
ndani yake jina la mtu kwa wino uliofifia, Henrik,
na kiganja cha kulia kimekwaruzika hadi cheupe.
"Hii imeshaanguka," nasema.
Nyaboke anavuta mshono, uzi unamfuata kidoleni.
Anairudisha chini ya meza.
"Imeshalipa deni lake. Tusiidai tena."

Mkono mtupu haulambwi, walisema.
Hawakuijua lami.
Pale Uthiru mbwa alikatiza, mwaka juzi,
na mkono ukatangulia, kama unavyotangulia daima,
kumwamkia mtu, kupokea mtoto, kuanguka.
Wiki tatu Kavata, binti yangu, alinimegea ugali,
akanifunga vifungo vya shati bila kunitazama usoni,
miaka tisa, tayari anajua kutunza heshima ya baba.
Glavu nilikuwa nazo siku hiyo.
Ila nilikuwa nimekata ncha ya kidole cha shahada
nipate kubonyeza simu, nipokee pesa upesi.
Kucha iliyokosekana ni ya kidole hichohicho.

Nyaboke anaiona. Hasemi kitu.
Anatoa jozi nyeusi, isiyo na jina,
mshono mara mbili, pedi chini ya kiganja,
mkanda wa kufunga kifundoni isichomoke.
"Elfu."
"Nina mia saba."
"Mia saba, na lita tatu za maziwa Jumamosi.
Na usiikate. Mteja atangoja uvue."

Baridi nitaitafutia dawa:
soksi za shule zilizombana Kavata, nizivae ndani.
Mvua nayo, mifuko ya mkate juu,
nifunge kwa mpira wa tyubu. Watacheka stejini.
Wacheke.

"Kunja ngumi," anasema Nyaboke.
Nakunja. Ngozi inalia kidogo.
"Fungua. Kunja. Fungua."
Nasimama katikati ya Gikomba, mtu mzima,
mkono juu, nikikunja, nikifungua,
kama mtoto anayefundishwa kuaga.