Jibini ya Mwezi wa Tano

Swali lake lilikuwa moja tu: Mnachemsha maziwa?
Nikatazama viatu vyangu. Theluji ya kijijini
ilikuwa inayeyuka kwenye sakafu ya hospitali ya Van.

Ulilala ubavu, Zozan, goti umelikunja
kama mtu anayeficha kitu,
na Daktari Nurcihan alipogusa nyonga kwa kidole kimoja
ulitoa kilio nisichokijua,
mimi niliyekuzaa.

Bibi yako alisema ni mifupa inarefuka.
Mganga wa viungo alikuvuta mguu, akadai umerudi mahali pake.
Homa ilikuja jioni, kama mgeni ajuaye saa ya chakula;
alfajiri imekwishaondoka, shuka chapachapa,
nasi tukasema: mtoto ameamka salama.

Sindano ikatoa majimaji ya manjano, yenye ukungu.
Siku tisa maabara ikanyamaza. Ya kumi ikataja jina,
nalo jina likanirudisha malishoni, mwezi wa tano,
kwa kondoo yule wa shingo nyeusi aliyeharibu mimba.
Nilimkamua vivyo hivyo. Ningemwaga?
Nikakanda jibini na vitunguu vya mlimani,
nikashindilia mtungi, nikaufukia kifudifudi
ungoje baridi, kama alivyofanya mama, kama alivyofanya mama yake.
Lakini wewe ulisimama kando yangu, kiganja wazi,
na donge lilikuwa bado na joto la kiwele.
Nikakupa.
Ukalamba vidole.
Chumvi haikuwa imeanza kazi yake.

Dawa mbili, wiki sita. Na sindano kila asubuhi, siku saba za mwanzo.
Ipo nyingine, alisema daktari, ila hutia doa meno yanayoota,
nawe una miaka sita, na pengo ambamo ulimi wako hauishi kucheza.
Hii nyekundu itambadilisha rangi, akaonya:
mkojo, machozi, hata jasho. Msishtuke.
Hukushtuka. Ulichechemea hadi nyuma ya zizi,
ukaacha theluji na doa la rangi ya chungwa,
ukamwita kaka yako aje aone utajiri.

Wiki ya tatu homa haikubisha hodi.
Baba yako akasema, Amepona, chupa iliyobaki tuiweke,
mwakani itafaa. Sikumlaumu sana;
alikuwa ameuza kondoo wawili kwa ajili ya nauli na kitanda.
Lakini mlangoni nilikuwa na mistari ya mkaa, ishirini na mmoja,
na nafasi tupu ya mingine kama hiyo.
Wadudu hawa, daktari aliniambia, hawakimbii askari.
Huingia ndani ya askari wenyewe, wakalala humo.
Nikamwambia mume wangu, Nyamaza,
neno ambalo sijawahi kumwambia,
nikajaza kijiko.

Siku ya thelathini na tatu chupa ikakauka, barabara imefukiwa.
Ami yako Shervan akawasha trekta, hakuaga.
Alirudi usiku, ndevu zimeganda,
dawa ameilaza kifuani ndani ya shati isipate baridi,
inanuka dizeli na yeye.
Uliimeza ukiwa usingizini, ukakunja uso.

Mtungi tuliufukua mwezi wa pili.
Uliokaa miezi yote hiyo hauna neno, daktari alisema.
Wengine walikula. Mimi nilivunja mkate, nikautazama.

Sasa ni mwezi wa tano tena. Nachemsha.
Mama mkwe anasema jibini yangu haina ladha,
haishikani, imekuwa kama ya dukani. Ni kweli.
Maziwa yanapanda, yanavimba hadi ukingoni,
nami siondoi macho,
isipokuwa mara moja, unapopita mbio na wana-kondoo
na naona mguu wa kushoto unachelewa kidogo,
au hauchelewi,
au ni mimi tu, na maziwa yanamwagika motoni.