Suruali ya Mifuko Sita

Miaka kumi na tisa nimewashonea suruali waendao Mahale,
hapa Mwanga, kibarazani pa duka la vitenge.
Huja na karatasi: mifuko sita, zipu isiyolia,
maana huko, ati, zipu ikilia ndege hukata maneno.
Nikipima kiuno nauliza, kuna nini huko?
Hujibu: kijani.
Kijani! Hata mimi ninacho, rili tisa za nyuzi,
na hakuna anilipaye kiingilio kuzitazama.

Mwaka huu nikajikatia yangu.
Dada yangu Havijawa alicheka hadi akashika ukuta:
"Miaka hamsini na miwili, unakwenda kulipia miti!"
Nikamwambia, mgeni njoo, mwenyeji apone,
na mwenyeji mimi bado sijapona.

Nikapanga kama anayepanga harusi.
"Masika usiende," alisema fundi mashine wa Kibirizi,
"njia ni utelezi wa bamia, na siafu wamehamia humo.
Ngoja Agosti. Sokwe hushuka bondeni,
na magoti yako yatakushukuru."
Mfuko wa kwanza, nauli, noti ndani ya nailoni.
Wa pili dawa. Wa tatu tochi.
Wa nne nimesahau nilitia nini.
Wa tano kashata, ambazo baadaye nilinyang'anywa:
mbele ya sokwe mtu hali.
Wa sita niliuacha mtupu.
Nguo iliyojaa kila mahali haipumui.

Boti ilikwenda usiku kucha,
milima kushoto kwetu kama pindo
ambalo fundi wake hakujua pa kukatia uzi.

Asubuhi tukapangwa mstari.
Kabumbe, Mtongwe, kijana wa maneno machache, akagawa barakoa:
mita kumi, msikaribie; msiketi njiani mwao;
nani anakohoa?
Husemwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Siku ile kikohozi kilikuwa kikohozi tu,
na kilitoka.
"Mama, msituni utatembea. Kwa sokwe hutafika.
Mafua yako, kwao ni msiba."

Miezi mitatu ya kupanga!
Wenzangu wakapanda na mwenzake.
Mimi akanichukua njia ya chini, polepole:
kanyaga ninapokanyaga,
usishike mti kabla hujautazama,
mzizi uliolowa uvuke, usiupande.
Kiangazi kile, na bado majani yalidondosha maji
shingoni mwangu, tone, kimya, tone.
Nilihesabu kijani. Kwenye cha kumi na nne
nikaona aibu kwa rili zangu, nikaacha.

Ndipo juu huko mmoja akaita.
Akajibiwa. Wakawa ishirini, bonde zima,
kama mnada wa mitumba unafunguliwa.
Sikumwona hata mmoja. Nywele za mkono zilisimama zenyewe.

Kabumbe alikuwa mbele yangu, amesimama, anasikiliza,
na mfuko wake wa nyuma ulikuwa umefumuka pembeni.
Mshono maradufu. Uzi wa zambarau.
Mwaka ule uzi mweusi uliadimika mji mzima.
"Suruali hii umeitoa wapi?"
"Mgeni mmoja aliniachia, zamani."
Sikusema kitu. Mfuko wa nne nikaukumbuka:
sindano.
Nikamwambia asimame hivyohivyo, asigeuke,
nikashona huku nakohoa ndani ya barakoa,
na wale huko juu wakiendelea kupandisha bei.

Jani halichukuliwi, wala jiwe, wala unyoya.
Mfuko wa sita ulirudi Kigoma mtupu kama ulivyokwenda.
"Umeleta nini?" Havijawa akauliza, mkono kiunoni.
Nikaupindua mfuko nje. Ulikuwa bado na unyevu.
Akainama, akanusa. Akanusa tena.
Kisha, akitazama barabarani kama anayemsemesha mpita njia,
akaniuliza kama nakumbuka
kiuno chake ni inchi ngapi.