Asilimia Saba

Mume wangu Delmar alipiga hesabu miezi minne
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
penseli sikioni, miwani puani,
theluji ya Duluth imepanda hadi kizingiti cha dirisha.

"Lorna," akasema, "tukilifuata wenyewe kiwandani Uswidi
wanapunguza asilimia saba.
Tiketi mbili, juu yao.
Usiku mmoja hotelini, juu yao, na kifunguakinywa.
Tunalitembeza wiki mbili, wao wanalipakia melini,
nalo linatufuata nyumbani."
Hapo akainua kidole, kama padri aliyefika penye Amina.

Mimi nilikuwa nakwangua sufuria.
Miaka thelathini na minane ya ndoa,
nimeshazoea kuokolewa fedha:
friji iliyobonyea ubavu, kwa kuwa ubavu huo unatazama ukuta;
jeneza la mama yake, lililokuwa la maonyesho dukani;
pete yangu.
Basi, pete tuiache.

Tukaenda.

Gothenburg, mwezi Mei, saa tatu za usiku
na jua bado linajivuta kuondoka.
Asubuhi kijana Torkel, shati jeupe kama karatasi,
akavuta kitambaa, taa zikawaka,
na gari likawa pale, rangi ya ukungu,
kimya kama mwali aliyetolewa ndani.
Delmar, mpiga mateke matairi ya watu,
alifunga mikono mgongoni.
Hakuligusa.
Alimeza mate, akakohoa, akauliza:
"Na mafuta, mmejaza tangi au nusu?"

Sheria ilikuwa moja: hakuna kula ndani.
Siku ya tatu, kando ya ziwa Vänern,
mvua ikatufungia humo na njaa yetu.
Nikafungua mkate wa samaki wa siki.
Tone likaanguka kitini.
Kilomita arobaini hakutamka neno,
vifuta kioo tu vikisema, huku, kule, huku.
Kisha akaegesha pembeni, akaunyakua mkate,
akauma,
na kwa makusudi, akinitazama,
akadondosha la kwake.

Petroli yao inauzwa kama manukato.
Kivuko, daraja, kahawa, kahawa tena,
sweta la sufu alilonichagulia bila kugeuza kibandiko cha bei.
Siku ya sita daftari la matumizi lilibaki ndani ya mkoba.
Asilimia saba tulikwisha kuila,
tunaitafuna ya nane.

Bandarini mwanamke mwenye koti la rangi ya chungwa
alizunguka gari, akaandika, akagonga muhuri.
"Wiki nane," akasema.
Delmar alimwuliza kama watalifunika.
Akamwuliza tena.

Tukarudi na ufunguo mfukoni, gari hatuna.
Uwanjani, gari letu kuukuu lilinuna,
likakataa kuwaka mpaka jirani Einar
akaja na nyaya zake, na maswali yake.

Wiki ile ya tano niliamka usiku, upande wake baridi.
Nikamwona kwa dirisha la jikoni
amesimama na pajama kwenye banda tupu,
ameelekeza ufunguo gizani.
Anabonyeza.
Banda halijibu.
Anabonyeza.
Nilirudi kitandani kabla hajageuka,
naye alipoingia miguu yake ilikuwa barafu,
nikaiacha inishike.

Lilifika Agosti, juu ya lori,
na mbu wa kule amekauka chini ya kifuta kioo.
Delmar alifungua mlango, akaingiza kichwa, akanusa.
"Bado ipo," akaniambia.
Siki.

Einar alikuwa amevuka barabara, mikono kiunoni.
"Haya, niambie. Uliokoa kiasi gani?"

Mume wangu, anayejua bei ya kitunguu
ya kila duka la mji huu tangu ujana wake,
alifuta vumbi ambalo halikuwepo,
akasema hakumbuki.

Mimi nakumbuka.