Mita Moja na Sentimita Kumi na Nane

Huo ndio urefu wa macho yangu sasa.
Tsisana alinipima kwa futi ya cherehani,
pini kazibana mdomoni, akasema:
"Umepungua kimo, dada. Kitambaa ni kile kile."

Ngazi ya kuchumia zabibu haikuvunjika.
Watu wa Kakheti hupenda kupamba habari,
wakasema kijicho, wakasema divai.
Lilikuwa tope kwenye soli ya kiatu.
Pingili ya kumi ya uti wa mgongo.
Basi.

Miezi saba nilitazama dari ya hospitali
na doa lake la maji lenye umbo la mbuzi.
Otari, kitanda cha pili, alikuwa na kamera ya filamu,
nzito kama tofali,
na mikono isiyoweza tena kuishika.
"Nipigie yule mbuzi," akasema.
Picha ya kwanza ilitoka nyeusi tititi.
Ya tatu, mbuzi akatokea, na pembe zake.
Otari aliitazama muda mrefu.
Kamera hakuidai tena.

Nyumbani Tbilisi, ghorofa ya sita,
lifti yetu hula sarafu,
na kisanduku chake kiko juu.
Sarafu ninayo. Urefu sina.
Mtoto wa Guliko huniwekea,
ujira wake pipi moja kwenda, moja kurudi.

Nikaanza kupiga yaliyo kwenye kimo changu:
mikanda ya suruali,
mkate wa moto ndani ya gazeti,
vidole vya wapenzi vikitafutana nyuma ya migongo,
mbwa wa mtaani mwenye kipande cha plastiki sikioni
anayenitazama macho kwa macho,
jambo linalowashinda rafiki zangu wa zamani.

Kisha ile njia ya chini ya barabara.
Vidato thelathini na kimoja,
na juu yake reli mbili za chuma
zilizosimama wima kama ngazi ya kuezekea.
Eti hiyo ndiyo njia yetu.
Gunia la viazi lenyewe lingeomba radhi.
Nikaandika kwa chaki urefu wa kila kidato,
nikapiga picha.
Nikapiga duka la dawa. Nikapiga mahakama.
Nikapiga ofisi ya kusajili watu wenye ulemavu:
ghorofa ya pili, lifti hakuna.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Akaja Manana na magongo yake,
akaja Gela anayeendesha teksi kwa mikono mitupu,
tukafika kumi na mmoja, chaki mfukoni.

Afisa wa jiji alifunua picha moja moja.
"Zinatia huruma sana," akasema.
Nikamwambia: huruma sikuleta, bwana.
Nimeleta sentimita.

Maonyesho tuliyafanya katika ghala la kiwanda cha mikate,
kila picha tukaitundika kwenye kimo changu.
Wageni wakainama. Wengine wakapiga magoti.
Mzee mmoja alilalamika kuwa mgongo unamuuma.
Nilimwelewa.

Msiniulize kama tumeshinda.
Vidato bado ni thelathini na kimoja.
Duka la dawa limejengewa mteremko mzuri, laini,
na katikati yake umesimama mlingoti wa umeme.
Nao nimeupiga picha.

Lakini zipo asubuhi ninapochoka kupima.
Chaki naiacha mezani.
Leo kwenye roshani ya Guliko
komamanga limepasuka kwa baridi,
na jua la Novemba limeingia ndani yake
likawa halina haraka ya kutoka.

Gela aliishika picha, akaigeuza,
akatafuta namba nyuma.
"Kidato kiko wapi?"
Hakuna kidato, Gela.
Ni komamanga.
Lilikuwa mbele yangu, nikalitaka.