Zamu ya Usiku, Mabogini

Daftari la zamu lina safu iitwayo "Tukio".
Miaka kumi na mmoja nimeandika: Hakuna.
Mabwawa ya majitaka hayana mwizi.
Nani aje kuiba kile Moshi ilichokitupa?

Kitwitwi ndiye aliyekuja,
yule wa koti jeusi na jeupe,
mlio wake nyundo ya fundi bati: ti, ti, ti.
Akachagua ukingo wa bwawa la tatu,
akataga manne juu ya kokoto tupu,
bila kijiti, bila unyoya,
mayai ya madoa kama kokoto zenyewe.
Hata mimi niliyaruka kwa bahati tu.

Mwaka jana palepale nilikuta maganda,
na nyayo kwenye tope
nilizozijua kuliko za mwanangu.

Karani.
Alitoka Pasua ndani ya boksi la sabuni
kwa ajili ya panya wa chumba cha pampu.
Kazi kaifanya, sina lawama.
Husemwa paka akiondoka panya hutawala;
hawasemi paka akibaki, panya wakaisha,
anatawala nini.

Alikuja binti wa chuo, Anaeli, na kamera ya usiku.
Akasema paka si wa hapa,
na panya wale si wa hapa,
wote wameshuka na mizigo ya watu;
kitwitwi hakufundishwa kumjua mgeni wa aina hii.
Nikamuuliza: na mimi niliyetoka Usangi?
Akacheka, akaendelea kukaza waya wa kuku.

Waya! Karani aliupanda usiku wa kwanza.
Nilimmulika tochi, macho yake mawili ya kijani,
na chini yake mama akilala ubavu,
akiburuta bawa kama limevunjika,
akimwita adui amfuate yeye.
Akiigiza, na huku anatetemeka kweli.

Basi nikamfungia Karani chumba cha pampu.
Usiku ishirini na sita
alikwaruza mlango wa bati,
nami nje, na chai yangu iliyopoa,
nikijifanya sisikii.

Alfajiri ya leo mlima umejifunika,
na kokoto tatu zimesimama zikatembea
kwa miguu myembamba kama njiti za kiberiti.
Ya nne imebaki kokoto.

Nikaandika kwenye safu: Watatu wametoka.

Saa mbili msimamizi akapita na kalamu nyekundu:
Watatu gani? Wametoka kwa lango lipi?